Dogo yuko Colorado analisha vinyama vya mashimoni, maza anataka ahame. Naombeni ushauri

Dada_wa_Segerea:
Wakuu habari za jioni. Nina mdogo wangu anasoma Boulder, jimbo la Colorado kule Marekani. Nyuma ya nyumba anayopanga kuna uwanja wa majani umejaa mashimo, na kila shimo lina kikilima cha udongo, juu yake kinasimama kinyama cha rangi ya mchanga, ncha ya mkia nyeusi, kimekunja mikono kifuani kama mjumbe wa nyumba kumi anasubiri wageni. Vinaitwa preri dogi ila siyo mbwa, ni jamii moja na kuchakulo. Ghafla kimoja kinajinyoosha, kinarusha kichwa nyuma kinapiga ukelele mpaka miguu inataka kuacha ardhi, na cha jirani kinaitikia, na cha mbele, mpaka uwanja mzima unapiga kelele.

Sasa dogo katuma klipu grupu la familia kashika karoti, kinyama kinakuja kula mkononi. Sisi tunacheka, ila maza kwao ni Lushoto, akauliza swali moja tu, hivyo vina viroboto? Dogo na ujuaji wake akajibu vinavyo, na tauni, ule ugonjwa unaobebwa na viroboto, huku ipo. Toka siku hiyo nyumba haikaliki. Maza anataka ahame na mkataba wa nyumba ni wa mwaka. Jamani ni kweli au dogo anatutisha? Halafu anayeshea naye nyumba ana mbwa, kila jioni anaachiwa uwanjani afukuzane navyo.

ChiziMbagala:
Kariakoo panya wanabeba mpaka ndala na hamuhami, leo mnamuogopa panya wa Boulder 😂😂

mgosi_mlima:
Wewe cheka tu kwa kuwa hukukulia kwetu. Tauni iliingia Lushoto 1980 ikawa inaondoka inarudi miaka mingi, kuna vijiji watu wanakumbuka mazishi yake mpaka kesho. Mzee wetu ukimwambia panya wanajifia hovyo ndani ya nyumba anakuhamisha usiku huohuo, maana panya akifa kiroboto chake hakifi, kinatafuta damu nyingine na iliyo karibu ni ya kwako uliyelala chini. Dada, bi mkubwa kauliza swali la mtu anayejua.

Dokta_Mifugo:
Dada niweke sawa mambo mawili matatu. Tauni Marekani ipo kweli, iliingia kwa meli kupitia bandari zao miaka ya 1900 ikahamia kwa wanyama wa porini wa magharibi na haijatoka. Ila wagonjwa wao wa mwaka mzima kwa wastani ni kama 7 nchi nzima, kwa hiyo maza asione kama dogo kesho anazikwa. Na ni ugonjwa unaotibika kwa antibayotiki za kawaida kabisa kama doxycycline na gentamicin, shida ni kuchelewa. Homa ya ghafla, kutetemeka, mitoki inavimba kinenani au kwapani, hapo haulalii panadol, unaenda hospitali na unawaambia wazi kwamba nakaa jirani na preri dogi.

Kingine, hao wanyama wenyewe wanaumizwa na tauni kuliko sisi. Ikiingia kwenye koloni, yaani kundi lao linaloishi pamoja, inaweza kufyeka zaidi ya 90% ndani ya wiki chache. Kwa hiyo uwanja ukiwa na kelele zote hizo za kwenye klipu ni habari njema. Siku uwanja ukinyamaza ghafla, mashimo yapo na wenyewe hawaonekani, dogo asisogee kuchungulia, apige simu ofisi ya afya ya pale.

Mimi kinachonitisha kwenye stori yako ni mbwa.

Mbongo_Denver:
Naunga mkono dokta. Nimeishi Denver. 2019 hifadhi ya Rocky Mountain Arsenal pale pembeni ya mji walifunga baadhi ya maeneo kwa sababu ya tauni kwenye koloni za hao hao. Na 2014 hukohuko Colorado mbwa mmoja aliugua tauni ya mapafu, akaugua mwenye mbwa na wengine watatu waliokuwa karibu na mbwa huyo, bahati nzuri watu wote walipona. Mbwa anaingiza pua shimoni, anarudi na viroboto, anapanda kitandani. Sasa hapo karoti ina kosa gani tena. (Ila karoti nayo aache, wale wana meno, waulize waliong'atwa.)

Kisu_Butu:
Si wamwage sumu mashimo yote yaishe?

Mbongo_Denver:
Wafugaji wamemwaga sumu zaidi ya miaka 100 mkuu, wakisema wanamaliza majani ya ng'ombe. Kilichotokea kuna kicheche wa kule mwenye miguu myeusi, chakula chake karibu chote ni preri dogi, akapotea mpaka ikaaminika kaisha duniani. 1981 kule Wyoming mbwa wa shambani akaleta mmoja kafa mlangoni ndiyo ikajulikana wamebaki wachache. Siku hizi wanapuliza dawa ya viroboto mashimoni, na wamejaribu hata chanjo ndani ya chakula chenye ladha ya siagi ya karanga.

ChiziMbagala:
Kumbe wanakula vizuri kuliko mimi

Dokta_Mifugo:
Na tusijifanye Afrika hatumo. 2003 walisafirisha panya buku kutoka Ghana kwenda kuuzwa Marekani kama wanyama wa kufuga, wakawekwa pamoja na preri dogi, ugonjwa wa mpox (homa ya nyani) ukahama kwa preri dogi, preri dogi wakauzwa majumbani, wakaumwa watu 47. Wote walipata baada ya kukaribiana na preri dogi wa kufugwa, siyo kwa kuwatazama dirishani.

Dada_wa_Segerea:
Nashukuruni sana. Nimeongea na dogo, mwenye mbwa kakubali kumpa dawa ya viroboto ya kila mwezi na kumfunga kamba wakipita pale. Maza kalegea, ila kaweka sharti karoti marufuku. Sasa dogo anasema likizo wanapanda milimani kuona marmoti, nao si walewale?

Dokta_Mifugo:
Ni ndugu, wakubwa zaidi, wananenepa kiangazi halafu wanalala chini ya theluji miezi 7 au 8. Sheria ni ileile ya kutoshika, na asiguse mzoga. Mongolia 2019 mume na mke walikufa kwa tauni baada ya kula ogani mbichi za marmoti.

Mbongo_Denver:
Wanaenda na gari la nani? Wale jamaa wanaingia chini ya boneti wanatafuna mipira ya rejeta na nyaya.

Dada_wa_Segerea:
La mwenye mbwa.

Mbongo_Denver:
Basi wabebe turubai, wakipaki walizungushie gari lote kuanzia chini.