Mjadala: Umaskini tuupime kwa kaya au kwa mtu mmoja mmoja?

Mtoa mada

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa hoja, maana linagusa fedha za umma na matumbo ya watu.

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 ulituambia kwamba asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara wako chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, na asilimia 8.0 wako chini ya mstari wa chakula. Mstari wa mahitaji ya msingi ulikuwa Sh 49,320 kwa mwezi kwa mtu mzima mmoja. Asilimia hizo zinahesabu watu, lakini mtu mmoja mmoja hakupimwa matumizi yake. Iliyopimwa ni kaya. Vilivyonunuliwa, vilivyotoka shambani vikaliwa na vilivyopokelewa bure vilijumlishwa, kisha vikagawanywa kwa wanakaya baada ya kurekebisha umri na jinsi. Kaya ikivuka mstari, wote waliomo wamevuka, kuanzia baba hadi bibi kizee anayelala chumba cha uani. Na Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini nao, kama jina lake lilivyo, unatafuta kaya.

Msimamo wangu ni huu. Kaya ni kipimo kizuri cha paa, maji, choo na umeme, kwa sababu hivyo vinatumiwa na wote. Tukitaka kusema lolote kuhusu wanawake, watoto na wazee, lazima tuwapime wao wenyewe. Sasa hivi tunapima kitu kimoja na kutangaza kingine.

Mwaka 2017 wachumi Caroline Brown, Martin Ravallion na Dominique van de Walle waliangalia takwimu za lishe za nchi 30 za Afrika. Waligundua kwamba karibu robo tatu ya wanawake wenye uzito pungufu na watoto wenye utapiamlo hawamo kwenye ile moja ya tano ya kaya zote iliyo maskini zaidi. Hata ukipanua hadi asilimia 40 ya chini, karibu nusu bado wako nje. Maana yake, mpango unaolenga kaya maskini, hata ukilenga bila kosa lolote, utawaacha wengi wa watu hao.

Karibuni.

Mdodosaji

Mkuu, hoja nimeielewa, ila nakupinga. Nimefanya kazi ya kudodosa, kwa hiyo nakuambia kinachotokea pale chini.

Unakaa na mama kwenye mkeka, unamuuliza jana mmetumia nini. Anakutajia: unga kilo mbili, dagaa fungu moja, mafuta ya kupima ya mia tano, mchicha wa bustanini. Unaandika. Sasa niambie, hapo nimuulize mtoto wa miaka sita amekula dagaa kiasi gani? Watoto wanne wanakula sinia moja. Hakuna mama anayehesabu matonge. Ukilazimisha jibu utapewa jibu, lakini litakuwa la kubuni, nawe utalipeleka ofisini kama takwimu. Kipimo kibovu cha mtu ni hatari kuliko kipimo kizuri cha kaya, kwa sababu kinaonekana cha kina wakati ndani hamna kitu.

Pili, huo utafiti wa nchi 30 usiusome haraka. Mtoto anaweza kukonda kwenye nyumba yenye chakula cha kutosha kwa sababu ya kuharisha, malaria au maji machafu. Ukisema kanyimwa chakula nyumbani, umeruka hatua.

Mtoa mada

Mdodosaji, kwenye sinia nakubaliana nawe asilimia mia. Sisemi tuhesabu matonge. Kuna vitu vya mtu ambavyo vinapimika kwa urahisi kuliko hata hilo daftari lako. Utepe wa kupima mzingo wa mkono unajulikana kila zahanati: mtoto wa miezi 6 hadi 59 akiwa chini ya sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali. Ni kazi ya dakika moja, na humuulizi mtu chochote. Hali kadhalika elimu ya mtu, muda anaotumia kuchota maji, fedha anazoshika mkononi, kama ana simu yake mwenyewe.

Na hilo la magonjwa linanisaidia mimi zaidi. Kama mtoto anaweza kukonda kwenye kaya isiyo maskini kwa sababu yoyote ile, basi orodha ya kaya maskini siyo njia ya kumpata.

Mwone pia yule anayekula nje. Baba anapiga chai na chapati kwa mama lishe, mchana wali maharage, jioni chipsi mayai. Matumizi hayo, kama yamekumbukwa, yanaingia kwenye jumla ya kaya, halafu yanagawanywa kwa wote. Kwenye karatasi, bibi kizee naye kala chipsi.

Mkenya wa Nakuru

Hamjambo ndugu zetu. Mimi nitaongezea jambo ambalo watu wengi hulipita: hata mkiamua kubaki na kaya, bado kuna swali la mtu mmoja ni nusu mtu au ni mtu mzima. Sisi Kenya na nyinyi hatukubaliani.

Katika hesabu zetu, mtoto wa miaka 0 hadi 4 anahesabiwa 0.24 ya mtu mzima, wa 5 hadi 14 ni 0.65, na kuanzia miaka 15 kila mtu ni 1. Hesabu ya Tanzania inafuata mahitaji ya chakula kwa umri na jinsia: mtoto chini ya miaka 3 ni 0.40, wa miaka 3 na 4 ni 0.48, kijana wa kiume wa 15 hadi 18 ni 1.20, mwanamke wa 19 hadi 59 ni 0.88, na nyanya wa miaka 60 kwenda juu ni 0.72.

Chukueni mama mmoja mwenye watoto watatu wa mwaka 1, miaka 3 na miaka 4. Matumizi yao kwa mwezi ni Sh 100,000 za Tanzania. Kwa viwango vya Tanzania nyumba hiyo ina watu wazima 2.24, kila mmoja anapata kama Sh 44,640. Wako chini ya ule mstari wa 49,320, ni maskini. Kwa viwango vya Kenya wanakuwa 1.72, kila mmoja anapata zaidi ya Sh 58,000. Wametoka kwenye umaskini bila senti moja kuongezeka. Na hapo sijagusa tofauti za bei.

Kwa hivyo anayesema kipimo cha kaya ni cha kuaminika kwa sababu ni rahisi, aangalie kwanza ni maamuzi mangapi yamefichwa ndani yake. Na hizo namba zote ni makisio ya anachohitaji mtu. Hakuna hata moja inayosema amepata nini.

Binti wa Monduli

Mnabishana kana kwamba kaya inajulikana iko wapi. Kwetu umasaini boma moja, enkang, lina wanaume kadhaa na familia zao. Kila familia ya mwanamume ni olmarei. Ndani yake kila mke ana nyumba yake, enkaji, anakamua ng'ombe wake na kulisha watoto wake. Mdodosaji akija na maelezo ya "wanaoishi na kula pamoja chini ya mkuu mmoja", ahesabu ipi? Akichukua olmarei, anapata kaya kubwa yenye mifugo mingi, na mke mwenye ng'ombe wawili wa maziwa anafunikwa na yule mwenye kumi. Akichukua enkaji, mume anaandikwa nyumba moja na nyumba nyingine zinaonekana hazina baba wala mifugo. Nimeona yote mawili yakifanyika kwenye kata moja.

Mdodosaji

Dada yangu wa Monduli, hapo umenishika kweli. Mafunzo yetu yanatuambia chungu kimoja, kaya moja, na kwa sehemu kubwa ya nchi inafanya kazi. Kwenu haifanyi. Lakini hilo linanifanya nitake kaya ifafanuliwe vizuri zaidi, siyo kuachwa.

Mchangiaji wa Rukwa

Mbona msiangalie mkoa tu? Rukwa ilikuwa asilimia 45.0 kwenye huo utafiti, Dar asilimia 8.0. Fedha zije huku, mambo ya kaya na mtu yataisha.

Mtoa mada

Ndugu yangu, Rukwa inastahili kuangaliwa, sipingi. Ila mkoa haulali njaa. Kwa asilimia hiyo hiyo, watu 55 katika kila 100 wa Rukwa hawako chini ya mstari. Na asilimia 8 ya jiji ambalo sensa ya 2022 ilikuta lina watu 5,383,728 ni zaidi ya watu laki nne.

Kosa la kuchukua sifa ya eneo na kumvika mtu lina historia. Mwaka 1950 Mmarekani W. S. Robinson alichukua sensa ya Marekani ya 1930. Akilinganisha majimbo, yale yenye wahamiaji wengi waliozaliwa nje ndiyo yalikuwa na watu wachache wasiojua kusoma. Uhusiano, ambao hupimwa kuanzia hasi 1 hadi chanya 1, ulikuwa hasi 0.53. Alipowaangalia watu wenyewe, uhusiano ukageuka kuwa chanya, 0.12: waliozaliwa nje ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa kidogo wa kutojua kusoma. Sababu ni kwamba wahamiaji walikwenda kukaa kwenye majimbo ambako wenyeji walikuwa wamesoma. Kwa hiyo ukipanda ngazi moja juu, jibu linaweza kugeuka kabisa. Ninachodai kuhusu kaya ni hicho hicho, ngazi moja chini.

Mwenyekiti mstaafu wa kijiji

Wanangu, mnaongea vizuri. Mimi nimeendesha mikutano ya kijiji ambako wananchi wanataja kaya maskini hadharani. Kazi hiyo ni ngumu, lakini inawezekana, kwa sababu jirani anajua nyumba ipi moshi haufuki. Hakuna jirani atakayesimama aseme nyumba ya fulani wanakula lakini mama mkwe hapewi. Akisema, ugomvi utamalizwa na baraza la kata. Na ukimtenga mke pembeni umuulize mumewe anampa nini, mkiondoka yeye anabaki na huyo mume. Hilo mmelifikiria?

Mtoa mada

Shikamoo mzee. Nimelifikiria, na ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizotolewa hapa. Ndiyo maana nasema orodha za mkutano zibaki kwa kaya, ila utafiti wa kitaifa, ambao majibu yake ni siri, uwe na sehemu ya mtu mmoja mmoja. Inawezekana. Mwaka 2007 na 2008 lilifanyika jaribio hapa hapa Tanzania kwenye kaya zipatazo 4,000, njia nane tofauti za kupima matumizi. Moja iliwapa watu wazima kila mmoja daftari lake, na ndiyo iliyochukuliwa kuwa rula ya kupimia nyingine. Nyingi kati ya hizo nyingine zilitoa matumizi ya chini kuliko hiyo, maana mtu mmoja hawezi kujua wenzake wametumia nini huko nje.

Mdodosaji

Na ilikuwa ghali, mkuu. Daftari la kila mtu lilihitaji kufuatiliwa mara kwa mara. Huwezi kuifanya nchi nzima.

Mwana wa Pemba

Assalamu alaykum. Huku kwetu jambo hili lishafanywa, nyie bado mnalijadili. Tangu Aprili 2016 Zanzibar ina Pensheni Jamii: kila mzee aliyefika miaka 70 alianza kupewa Sh 20,000 kwa mwezi, awe anakaa kwa mwanawe tajiri au peke yake kibandani. Hakuna aliyeulizwa kaya yake inatumia nini. Bibi anapokea kwa jina lake, na fedha ile ni yake.

Mkenya wa Nakuru

Sisi vilevile, Inua Jamii kwa wazee wa miaka 70 kwenda juu, tangu 2018, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa kila mmoja.

Mdodosaji

Hapo mmehama kutoka kupima umaskini kwenda kupima umri, na mzee mwenye nyumba tatu mjini naye analipwa. Halafu huo umri nao mnaupimaje? Waliozaliwa miaka ya 1940 wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Nimekaa na mzee anayekumbuka alizaliwa mwaka wa njaa, ukamtafutia mwaka kwa kulinganisha na matukio, ukikosea miaka mitatu amekosa pensheni.

Mwana wa Pemba

Kweli, na wapo waliorudishwa kwa sababu hiyo. Lakini kosa la umri linaonekana, na mzee anaweza kulipeleka kwa sheha likasikilizwa. Aliyefichwa ndani ya wastani wa kaya anakwenda kulalamika wapi, na kwa ushahidi gani?

Mtoa mada

Hilo la mwisho naomba Mdodosaji alijibu kabla hatujarudi kwenye gharama.