Nyie mnaosambaza emuleta zilizopikwa tayari, mnatuharibia kila kitu

Wakuu salaam. Leo sijaja kistaarabu sana mniwie radhi, ila hili jambo limenifika shingoni na nisipolisema nitapasuka.

Kuna watu wana tabia ya kuchukua emuleta (programu inayoifanya pisi iigize konsoli ya magemu), hasa PCSX2 ile ya PS2 (PlayStation 2), wanavuruga setingi zake wanavyojua wao, wanaifunga kwenye zipu moja na bayosi (programu ya msingi iliyomo ndani ya konsoli) na magemu humohumo, wanafuta namba ya vesheni juu ya dirisha wanabandika jina la chaneli yao, kisha wanarusha video "PS2 kwenye pisi dhaifu, lagi sifuri, usiguse kitu". Mgeni akiona hivo anajua kapata mkombozi, kumbe kapewa uozo. Na gemu ikianza kukwama-kwama hamtukani aliyefunga lile zipu, anawatukana waliotengeneza emuleta, oh PCSX2 takataka, oh emuleta ni uongo nunua konsoli tu. Inaniuma sana, maana ile kazi ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu wamepokezana miaka yote hiyo, hawatudai chochote, na walichotengeneza ni kizuri mno kama hujakichezea ovyo.

Ngoja nieleze nilichokikuta ndo mtanielewa hasira zangu.

Mdogo wangu ana laptopu yenye kadi ya grafiksi ya maana tu, siyo ya kutisha ila PS2 inaibeba bila kutoka jasho. Ana diski yake halali ya Final Fantasy XII. Kashusha zipu la namna hiyo, kaja analalamika gemu haichezeki. Naangalia, mita pale juu inasoma 60, yaani fremu (picha) 60 kwa sekunde, spidi asilimia 100, lakini picha inaruka-ruka, mtu akikimbia unamwona yuko hapa, mara yuko kule, katikati hapaonekani. Kule kwenye komenti alikouliza kaambiwa aongeze RAM. RAM jamani! PS2 nzima ilikuwa na RAM ya MB 32.

Nikafungua setingi. Slaida ya mizunguko ya EE imeshushwa hadi asilimia 60. Chini yake ile ya kuruka mizunguko imewekwa 2. Sasa kwa wasiojua, EE ni Emotion Engine, prosesa ya PS2, ilikuwa inatembea kama megahezi 295. Ukishusha ile slaida huifanyi pisi yako iwe na nguvu zaidi, unachofanya ni kuiambia emuleta iigize PS2 dhaifu kuliko PS2 yenyewe ilivyokuwa. Kweli pisi inapumua, na mita inaendelea kusoma 60 kwa sababu ile skrini ya kuigiza bado inapigwa mara 60 kwa sekunde, ila gemu huko ndani haina muda wa kumaliza fremu zake kwa hiyo inazimwaga njiani. Lagi haijaondoka, imefichwa tu sehemu ambayo mita haiioni, na jamaa kwenye video anakuoneshea mita! Anaizungushia na duara jekundu kabisa! Na ile ya kuruka mizunguko, kwenye vesheni mpya ukiweka mausi juu yake emuleta yenyewe inakwambia inasaidia magemu machache sana na mara nyingi inadhuru. Imeandikwa pale pale. Hakuna anayesoma.

Haijaisha. Ukija kwenye rezolusheni unakuta mara 8. PS2 ilikuwa inachora picha za kama 640 kwa 448 hivi, ukizidisha mara 3 tayari unakaribia 1080p, mara 6 unakaribia 4K. Mara 8 ni mara 8 kwa upana na mara 8 kwa urefu, yaani pikseli mara 64, na kadi iliyochaguliwa wala siyo ile kubwa, ni grafiksi ndogo iliyomo ndani ya prosesa. Kwa hiyo prosesa kaipunguzia kazi ambayo ilikuwa inaiweza, grafiksi kaitwisha mzigo ambao haiuwezi. Huyu mtu hakujaribu kwenye pisi dhaifu yoyote. Alitaka picha kali ya kuweka kwenye kava la video, basi.

Halafu kazima klampingi. Hii ndo ilinipandisha mori, maana ni kitu ambacho hata anayekizima hajui kinafanya nini. PS2 hesabu zake za desimali hazifuati kanuni ya kawaida ambayo prosesa za pisi zinafuata, yenyewe haina "infiniti", namba ikizidi kikomo inabaki kwenye namba kubwa kabisa na maisha yanaendelea. Pisi ikifika hapo inatoa infiniti, na hiyo infiniti ikiingia kwenye hesabu za gemu unaona mtu anazama chini ya sakafu, poligoni zinachomoka kama miba skrini nzima, adui anaganda hewani. Klampingi ipo kuzuia hayo. Mnaizima mpate fremu mbili zaidi halafu gemu ikivurugika mnasema emuleta ina bagi.

Ila kilichoniumiza kuliko vyote ni sevu. Slotu za memori kadi zote mbili zilikuwa zimetolewa, tupu. Gemu ikitaka kusevu inasema hakuna kadi, na jamaa kwenye video kasema msihangaike na memori kadi, bonyeza F1 kusevu, F3 kurudisha, imeisha hiyo. Mdogo wangu kacheza gemu yote hivo, na mnajua FFXII ilivyo ndefu. Sasa ile F1 siyo sevu ya gemu, ni picha ya kumbukumbu nzima ya mashine ya kuigiza kwa wakati ule, na imefungwa na vesheni ya emuleta iliyoipiga. Ukibadilisha vesheni kuna hatari kubwa haifunguki. Memori kadi ni tofauti, ni faili la kawaida, kwa kawaida MB 8 kama kadi ya kweli, unalihamisha kutoka vesheni hadi vesheni miaka na miaka. Basi jamaa katoa "apdeti" ya zipu lake, inaandika juu ya folda lile lile, vesheni ya ndani imebadilika na yeye hajasema, mdogo wangu kabonyeza F3 ikagoma. Na kwa kuwa alifuta namba ya vesheni kuweka jina lake, huwezi hata kujua urudi kwenye ipi. Mtoto wa watu kapoteza safari nzima. Nimemwandikia jamaa chini ya video, kwa adabu tu, kafuta komenti yangu.

Na hilo la kufuta jina, PCSX2 iko chini ya leseni ya GPL. Inakuruhusu kusambaza, inakuruhusu hata kubadilisha, lakini unatakiwa uache notisi za hakimiliki na leseni yenyewe, na useme kama umebadilisha, na msimbo wake upatikane. Hawa hawafanyi hata kimoja. Wanachukua kazi ya bure ya watu wanaipaka jina lao, halafu wanaomba michango! Huo ni wizi na sioni neno lingine.

Kuna na kundi la pili, hawa wa video za zamani. Wanaelekeza watu "nenda kwenye plagini chagua GSdx", yaani kile kipande cha nyongeza cha kuchora picha. Wakuu plagini hazipo! Vesheni 1.6.0 ilitoka mwezi wa 5 mwaka 2020, hiyo ndo ya mwisho ya kudumu kuwa na mfumo wa plagini, na 2.0 imetoka mwezi wa 7 mwaka 2024 ikiwa ni kitu kingine kabisa, ina Vulkan (njia mpya ya kuiendesha kadi ya grafiksi), na ina orodha ya magemu humo ndani ambayo ukifungua gemu inaitambua na kuiwekea marekebisho yake yenyewe. Ndo maana nasema setingi za kawaida zinatosha kwa magemu mengi mno. Nilimwekea mdogo wangu ile mpya, nikachagua kadi kubwa, rezolusheni mara 3, kingine chochote sikugusa. Ikateleza. Hakuna siri, hakuna "setingi za dhahabu". Ukiona mtu anakuuzia setingi za dhahabu kimbia.

Na wale wa "nunua pisi kubwa" nao wanyamaze kidogo kama hawajui wanachosema. Emuleta nyingi zinategemea zaidi nguvu ya kori moja moja (kori ni kile kitengo cha prosesa kinachofanya hesabu), siyo wingi wa kori. Mtu anaenda kununua kadi ya grafiksi ya bei mbaya kwa ajili ya PS2 kumbe shida ni prosesa, au hata siyo prosesa, laptopu imewekwa kwenye hali ya kubana betri na spidi imekatwa. Uliza kwanza, angalia kipi kimefika mwisho, ndo uongee.

RPCS3 ndo usiseme, ile ya PS3. Cell, prosesa ya PS3, ilikuwa na kori kuu moja ya gigahezi 3.2 na visaidizi vyake vya SPU, 7 vinafanya kazi, 6 ndo magemu yanaruhusiwa kutumia. Vyote hivyo vina lugha yao na pisi haiielewi hata kidogo, kwa hiyo ukifungua gemu mara ya kwanza emuleta inakaa inatafsiri msimbo wote kuwa wa prosesa yako kisha inautunza. Inachukua muda, kwenye mashine ndogo inachukua muda mrefu kweli. Watu wanaona ule mstari unatambaa taratibu wanasema imeganda, wanaua programu, wanafungua tena, wanaua tena, kisha wanakuja kuandika RPCS3 haifai. Iache imalize! Mara ya pili inafunguka haraka.

Kukwama kule kwa mara ya kwanza unapoingia eneo jipya nako mnatukania emuleta bure. Konsoli grafiksi yake ni moja kwa wote, kwa hiyo mambo yanakuja yameshapikwa ndani ya diski. Pisi kila mtu ana kadi yake na draiva yake, sheda (programu ndogo inayoiambia kadi ichoreje picha) lazima ipikwe hapo hapo wakati unacheza. Wale wa Dolphin (emuleta ya GameCube na Wii) walihangaika na hilo tatizo muda mrefu hadi mwaka 2017 wakatoa ubasheda, sheda moja kubwa inayoshika kazi wakati zile nyingine zinapikwa, na ni kazi iliyoniacha mdomo wazi hadi leo. Halafu anatokea mtu na zipu lake anaizima "kuongeza spidi".

Wa emuleta ya PS5 kwenye RAM ya GB 4 sitawaongelea sana kwa sababu hao ni matapeli tu. PS4 yenyewe ndo kwanza mwaka 2024 tukaanza kuona Bloodborne ikichezeka ndani ya shadPS4, tena kwa mashine zenye nguvu. Linki inakupeleka ujaze fomu "kuthibitisha wewe siyo roboti", mwisho wa siku umeshusha kirusi.

Lakini nyie wa mazipu msijione mna nafuu kwa kuwa emuleta yenu ni ya kweli. Mnaweka bayosi humo, ambayo ni mali ya kampuni iliyotengeneza konsoli, mnaweka na magemu, na mnabandika jina la emuleta kwenye kichwa cha habari. Mnajua yaliyowapata Yuzu, wale wa emuleta ya Nintendo Switch? Nintendo waliwashtaki mwezi wa 2 mwaka 2024, na kwenye mashtaka wakaleta hoja ya gemu yao ya Tears of the Kingdom kushushwa kiharamu zaidi ya mara milioni moja kabla haijatoka rasmi. Haikuchukua hata wiki mbili, wakakubali kulipa dola milioni 2.4 na kufunga kila kitu, na Citra, emuleta ya 3DS, ikaenda nayo. Emuleta yenyewe kama programu siyo kosa, mahakama ya rufaa Marekani ilishawapa ushindi kampuni ya Connectix dhidi ya Sony mwaka 2000 kwenye kesi ya emuleta ya PS1. Kinachowapa wenye makampuni silaha ni uharamia unaozungushiwa emuleta, na nyie ndo mnaowaletea hizo silaha mezani, bure, na vichwa vya habari vya herufi kubwa.

Kwa hiyo naomba hivi, na naomba kwa hasira. Mwenye linki ya zipu lililopikwa humu aitoe. Ukitaka kumsaidia mgeni mpe linki ya tovuti ya emuleta yenyewe, mwambie atoe bayosi kwenye konsoli yake, na wa PS3 wala hana haja ya kuhangaika maana fimwea (programu ya mfumo wa konsoli) Sony wenyewe wanaitoa bure kwenye tovuti yao. Mwambie aache setingi kama zilivyo kwanza. Ni sentensi tatu, zipu la nini?

Na kama kuna mtu humu anacheza kwa F1 na F3 tu kama mdogo wangu, tafadhali usiapdeti chochote leo. Kopi folda zima kwanza uweke pembeni. Fungua emuleta hiyo hiyo ya zamani, weka memori kadi kwenye slotu ya kwanza, rudisha sevu yako kwa F3, tembea hadi sehemu ya kusevu ya ndani ya gemu, sevu pale kwenye kadi. Kama inasema haioni kadi subiri sekunde kadhaa ujaribu tena. Zima, fungua gemu upya kuanzia mwanzo, hakikisha sevu inaonekana kwenye menyu ya gemu. Ikionekana, chukua lile faili la memori kadi upeleke kwenye vesheni mpya. Ukikwama hatua yoyote andika hapa chini jina la gemu na picha ya dirisha la emuleta, nitakujibu.