Mdogo wangu anataka kupunguza mashavu ya uke, naomba ushauri

Habari zenu wapendwa. Mdogo wangu, ninaishi naye hapa Nyegezi, Mwanza, anadunduliza hela akafanyiwe upasuaji wa kupunguza mashavu ya uke. Haumwi chochote, mwanaume aliyeachana naye alimwambia hayuko kawaida. Tangu hapo anaoga taa imezimwa, na hataki kabisa mchumba wake wa sasa amguse. Inaniuma sana. Chama cha madaktari wa uzazi Marekani kilishatahadharisha tangu 2007: maambukizi, makovu, maumivu wakati wa tendo, hata ganzi. Na maumbile yanatofautiana mno, wengi shavu moja ni refu kuliko jingine. Nikimweleza analia tu. Nimpeleke hospitali ya Bugando aanze na daktari wa wanawake, au mshauri wa saikolojia kwanza? Dada mliofanyiwa, raha na kujiamini vilirudi kweli?