Naomba ushauri: ua la kahawa na Kibo (kilele cha Kilimanjaro) kwenye picha moja

Habari zenu wakuu, mimi bado najifunza kupiga picha, nina Canon ya kawaida na lenzi yake ileile iliyokuja nayo, ya milimita 18-55. Nipo Moshi, nataka ua la kahawa liwe mbele kabisa, kama sentimita 30 hivi, na Kibo nyuma, vyote vitoke wazi. Nikifokasi ua, hadi umande naona lakini mlima unakuwa kama moshi (sio mji jamani), nikifokasi mlima ua linageuka pamba. Nimejaribu f/22 (tundu la lenzi dogo sana) kwa ISO 100 (kamera isiyonasa mwanga haraka) na stendi ya kamera, ila alfajiri mwanga hautoshi, shata ikakaa wazi sekunde nzima, kaupepo kakatikisa tawi na picha yote ikatoka laini laini. Na theluji nayo jua likiigusa inaungua, nyeupe tupu.

Sasa wajuzi, nipige mbili, moja ya ua moja ya mlima, nikaunganishe kwenye kompyuta, au nirudi nyuma kidogo nitumie f/11, yaani tundu kubwa zaidi? Na mwanga nipimie wapi, theluji au majani? Maua yenyewe hayakai, siku chache tu yanasinyaa, nataka kurudi kesho saa kumi na mbili asubuhi.