Aliyeivunja tovuti ya asasi kabaki na funguo, sisi tulioirudisha tumenyang'anywa

Wakuu, uzi ni mrefu na nina hasira, nivumilieni.

Jana jioni sisi watu wa kujitolea tunaotunza tovuti ya asasi moja isiyo ya faida tumepokea barua pepe ya mistari minne kutoka kwa kamati. "Kwa sababu za usalama" tumeondolewa haki ya kuandika kwenye repo, yaani ghala la mafaili ya tovuti, wote saba. Kuanzia sasa kila badiliko litapitia kwa mjumbe mmoja wa kamati, na yeye ndiye atakayeamua kipi kiingie na kipi kisiingie. Mjumbe huyo huyo ndiye aliyeivunja tovuti wiki mbili zilizopita. Sisi tuliokesha kuirudisha ndio tumegeuka tishio la usalama.

Jina la asasi silitaji. Kazi inayofanya ni ya maana, na watu wanaoitegemea hawana kosa lolote. Lakini siwezi kukaa kimya, maana najua humu wapo wengi waliobeba mzigo kama huu na wakaishia kuondoka kimya kimya.

Kwa asiyejua, tovuti yetu ni tovuti tuli. Haina hifadhidata, wala ukurasa wa kuingia kwa nywila ukahariri. Kila ukurasa ni faili la maandishi ya Markdown. Programu ya Hugo inayasoma mafaili yote na kutoa kurasa za HTML, basi. Mafaili yanatunzwa kwa Git, programu inayoweka kumbukumbu ya kila badiliko, na yako wazi kwenye mtandao wa GitHub, yeyote anaweza kuyasoma, kuyanakili na kupendekeza marekebisho. Kwa asasi isiyo na pesa huu ni mpango mzuri sana: kuiweka hewani ni bure, hakuna mlango wa admini wa kuvunjwa na wadukuzi, na kila badiliko lina jina la aliyelifanya pamoja na tarehe. Ila lazima watu waheshimu tawi kuu, yaani toleo rasmi la mafaili. Tawi kuu ndilo linalokwenda hewani. Ukisukuma kitu pale, yaani ukikipeleka kutoka kwenye kompyuta yako, baada ya dakika chache kila anayefungua tovuti anakiona.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Mjumbe alitaka kubadilisha sentensi moja kwenye ukurasa wa mawasiliano. Badala ya kufungua ombi la kuunganisha, yaani pendekezo ambalo wenzako hulipitia kabla halijaingia tawi kuu, kama tunavyofanya wengine wote, akafanyia kazi kwenye kompyuta yake, kwenye nakala ambayo hakuwa ameisasisha kwa wiki tatu. Alipotaka kuunganisha, Git ikamwambia kuna mgongano: sehemu ile ile yenye namba ya simu sisi tulishaibadilisha, kwa sababu asasi ilikuwa imehamia namba mpya. Git ikifika hapo haiamui yenyewe. Inayaweka matoleo yote mawili ndani ya faili, moja chini ya jingine, inayatenganisha kwa alama, na kumwachia binadamu asome achague. Yeye hakusoma. Akahifadhi hivyo hivyo, akasukuma moja kwa moja tawi kuu.

Nataka muuone ukurasa ule kama nilivyouona mimi saa kumi na mbili asubuhi kwenye simu. Juu kabisa alama saba za < na neno HEAD, halafu namba ya zamani isiyopatikana tena. Git hutenganisha yale matoleo mawili kwa mstari wa alama za =, na katika Markdown mstari wa alama hizo chini ya maandishi maana yake ni kwamba maandishi hayo ni kichwa cha habari. Kwa hiyo namba iliyokufa ikatokea kwa herufi nene, kubwa kuliko kitu kingine chochote ukurasani. Namba sahihi ilikuwa chini yake kwa herufi za kawaida, ikifuatiwa na jina la tawi lililosogezwa ndani kabisa kama nukuu ndani ya nukuu. Mtu mwenye shida aliyefungua ukurasa ule asubuhi ile alipiga namba ipi? Swali hili nimewauliza kamati mara tatu. Hawajalijibu.

Hata hapo hatukumgombeza mtu. Mgongano humpata kila anayetumia Git, mimi mwenyewe umenipata mara nyingi. Tulimwandikia kwa adabu: kiongozi, ukurasa wa mawasiliano umeharibika, tuachie tuurekebishe, ni kazi ya dakika tano. Hakutuachia. Akairudisha kompyuta yake kwenye ile nakala ya wiki tatu nyuma, akabandika sentensi yake na picha kadhaa mpya, akaisukuma kwa nguvu juu ya tawi kuu. Kusukuma kwa nguvu ni kuiambia seva isahau ilichonacho, ichukue historia yako kuwa ndiyo historia. Zile alama zikaondoka, kweli. Na kazi ya watu wanne ya wiki tatu ikaondoka nazo.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa maelezo ya picha. Tovuti ina picha zaidi ya 140, na karibu zote hazikuwa na maandishi mbadala, yale ambayo kisoma skrini humsomea mtu asiyeona. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike hata na wenye ulemavu, umeliweka jambo hili kwenye kigezo chake cha kwanza kabisa, 1.1.1. Ila kwetu haikuwa habari ya mwongozo tu. Mmoja wa watafsiri wetu, dada makini kuliko sisi sote, haoni. Kijana mmoja alikuwa anaandika maelezo, dada anasikiliza ukurasa baada ya ukurasa na kumrudishia. "Hapa umeandika picha ya mkutano. Mikutano iko tisa humu ndani, huu ni upi? Nani anaongea? Watu wamekaa au wamesimama?" Kijana anaandika upya. Jioni baada ya jioni, picha moja moja. Zilikuwa zimebaki 11.

Amri ya kusukuma na amri ya kusukuma kwa nguvu zimetofautiana neno moja tu. Neno hilo ndilo lililofuta kazi yao.

Kilichotuokoa ni kwamba Git haikai mahali pamoja. Kila mwenye nakala ana historia yote. Dada yule alikuwa amevuta mabadiliko, yaani ameyapakua kwenye kompyuta yake, usiku wa kuamkia siku ile na hakuwa amevuta tena. Tulimpigia simu mbio: usiguse kitu, usivute, usifunge hata kompyuta. Kutoka kwake tukapata kila kitu. Lakini ilituchukua siku mbili, kwa sababu wenzetu wawili walishavuta ile historia mpya wakaendelea kufanya kazi juu yake, na ikabidi tutenganishe kipi ni cha nani, faili kwa faili.

Na zile picha mpya za mjumbe nazo zilikuwa na mambo yake. Majina ya mafaili yaliishia na .JPG kwa herufi kubwa, kwenye kurasa kaandika .jpg kwa herufi ndogo. Kwenye kompyuta yake ya Windows zinaonekana vizuri tu, kwa sababu Windows kwa kawaida haijali herufi kubwa na ndogo. Tovuti yetu inajengwa na kuhudumiwa kwenye Linux, na Linux inajali. Kwa hiyo kwake kila kitu safi, kwa wageni wote picha hazipo. Tulipomwambia, alijibu kwamba kwake zinaonekana, labda intaneti yetu ni mbovu. Tena kila moja ilikuwa na MB 8, kama ilivyotoka kwenye kamera. Anayefungua tovuti hii ni mtu wa simu na bando la kupimia. Na hata ukizifuta leo, uzito haupungui kwenye repo, Git inazitunza kwenye historia, na kila anayekuja kunakili kazi yetu anazipakua pia.

Tulipopeleka malalamiko kwenye kikao, jibu lilikuwa "jamani, ni tovuti tu, mbona imerudi?"

Imerudi yenyewe?

Kinachoniuma zaidi ya yote ni kwamba ajali hii ilizuilika na tulishaiongelea. GitHub ina kinga ya tawi. Kwa repo iliyo wazi ni bure. Ukiiwasha, hakuna anayesukuma moja kwa moja tawi kuu, hakuna anayesukuma kwa nguvu, kila badiliko lazima lipitiwe na mtu wa pili, na unaweza kuweka kwamba hata admini hawezi kuruka utaratibu. Ni kuweka tiki chache kwenye ukurasa mmoja wa mipangilio, ila lazima uwe admini. Admini ni mjumbe peke yake. Tulimwomba mara mbili mwaka jana. Mara ya kwanza alisema atalifanyia kazi. Mara ya pili alisema itamchelewesha.

Itamchelewesha! Kurasa za sera, za michango na ukurasa wa mbele hatukuruhusiwa kuzigusa bila idhini ya kamati, yaani bila idhini yake, na leo kuna maombi 23 ya kuunganisha yanayomsubiri. La zamani kuliko yote lina miezi saba. Niwaambie moja tu. Alikuja mtu mpya kabisa, hatujuani naye, akakuta linki imekufa kwenye ukurasa wa michango. Ukibonyeza "changia" unapelekwa kwenye ukurasa usiokuwepo. Akairekebisha. Mstari mmoja, na maelezo mazuri ya namna alivyoipima. Akasubiri mwezi, akauliza kwa upole kama kuna kitu amekosea. Akasubiri tena, akauliza tena. Sisi tulimjibu, tukamshukuru, tukamwambia kazi yake iko sawa, lakini mwenye kuidhinisha kimya. Mwisho akalifunga ombi lake mwenyewe akaandika "samahani kwa usumbufu". Yaani yeye ndiye aliyeomba samahani! Linki ile imekufa mpaka leo, na kwenye vikao kamati inalia kwamba michango imepungua.

Kwenye ukurasa wetu wa mbele tumeandika kwamba tovuti hii ni ya chanzo huria, karibuni tushirikiane. Ukishamkaribisha mtu nyumbani huwezi kumwacha amesimama mlangoni miezi saba. Anayejitolea halipwi. Malipo yake ni kuona kazi yake imepokelewa, au kuambiwa kwa nini haikupokelewa. Hata neno "tumeiona" ndani ya wiki lingetosha.

Mambo tuliyoyadai baada ya ajali wala si makubwa. Kinga ya tawi iwashwe kwa kila mtu, wajumbe wakiwemo. Admini wawe watatu, wawili kati yao wawe wanaofanya kazi kwenye tovuti kila wiki. Na kuwe na faili la CODEOWNERS, linaloorodhesha nani anahusika na mafaili yapi, ili ombi la ukurasa wa michango limwendee mhusika wa michango, la tafsiri liende kwa watafsiri, sio kila kitu kirundikane kwa mtu mmoja asiye na muda. Tuliandika ukurasa mmoja na nusu, tukaeleza vizuri, hatukumtukana mtu. Jibu lake ndiyo ile barua pepe ya jana.

Kuna rafiki kaniambia: si chanzo huria? Nakilini muondoke. Kweli leseni inaruhusu, maandishi yako chini ya Creative Commons, na msimbo uko chini ya MIT. Ndani ya saa moja tungekuwa na tovuti ile ile mahali pengine. Tusichoweza kunakili ni anwani ya tovuti. Anwani ndiyo iliyo kwenye vipeperushi, ndiyo watu wameihifadhi kwenye simu zao, ndiyo wanayopeana wanapoelekezana msaada ulipo. Tukiondoka na nakala, tunakuwa na tovuti nzuri isiyofikiwa na mtu, na wao wanabaki na anwani inayoelekea kwenye kurasa mbovu.

Na anwani yenyewe nayo roho juu. Imesajiliwa kwa barua pepe binafsi ya katibu aliyeondoka kwenye asasi. Notisi za kuilipia zinakwenda kwake. Ni anwani ya .org, na utaratibu wa majina hayo unajulikana: muda ukipita usipolipa, msajili (kampuni iliyolisajili jina) akishalifuta linaingia kipindi cha siku 30 ambamo unaweza kulikomboa kwa ada ya ziada, zikiisha linabaki siku 5 za kusubiri kufutwa kabisa, kisha linaachwa, na yeyote duniani anaweza kulichukua akaweka anachotaka. Hili pia limo kwenye kile kikurasa kimoja na nusu.

Kwa hiyo naomba msaada wa mawazo kwa waliowahi kupita hapa. Mliwezaje kuifanya kamati isiyojua Git ielewe kwamba usalama ni kinga ya tawi na mtu wa pili wa kukagua, sio kuwafukuza wanaokagua? Na kuna aliyefanikiwa kuhamisha usajili wa jina kutoka kwa mtu aliyeshaondoka? Alianzia kwa msajili au kwa mtu mwenyewe?

Yale maelezo ya picha tulipoyaokoa tuliyaweka kwenye ombi lake peke yake, kwa sababu majina ya picha kadhaa yalikuwa yameshabadilishwa na ilibidi yote yapitiwe upya. Kijana kamalizia zile 11. Dada kazisikiliza zote tangu mwanzo, 140 na ushee, na Jumamosi akaandika chini yake: "Nimemaliza, ziko sawa, tunaweza kuunganisha." Haki ya kuunganisha hatuna tena. Ni ombi la 24 kwenye foleni.