Mrejesho: nimepata fildi kwenye ofisi ya wasanifu majengo

Wakuu habari zenu, mwezi uliopita niliuliza humu kuhusu kuomba fildi (mafunzo kwa vitendo), nasoma usanifu majengo mwaka wa tatu na potifolio yangu (mkusanyiko wa kazi zangu) ilikuwa na kurasa 40, mkasema nipunguze. Nimeshusha hadi 12 za A3, faili moja ya PDF, kazi tatu tu lakini kila moja inaanzia michoro ya mkono na modeli ya kadibodi mpaka plani na seksheni (mchoro wa jengo kama limekatwa wima) za skeli 1:100. Ofisi nne kimya, ya tano wakaniita.

Kwenye usaili zile picha za kompyuta nilizokesha nazo wakazipita tu, wakang'ang'ania seksheni ya ngazi, kidato kina kimo gani, nikasema milimita 170 na mkanyagio, yaani pale unapoweka mguu, 280, kwa nini? nikaeleza kimo mara mbili ukijumlisha mkanyagio mmoja inatakiwa iwe kama 600 hadi 640, maana ndo hatua ya mtu anavyotembea. Hapo wakaanza kuongea na mimi kama mwenzao aisee nilifurahi sana.

Naanza wiki ijayo. Kwenye programu za kuchorea, AutoCAD nipo vizuri, Revit bado najifunza usiku. Yule kaka aliyenisisitiza nichore detaili kwa mkono, asante mno, imenibeba.