Spidi kwa anayeanza: intavali, fatileki, tempo au mlima?

Pumzi_Fupi: Wakuu, najiandaa na nusu marathoni yangu ya kwanza. Kilomita 10 namaliza bila kusimama, ila mwendo ni uleule kila siku. Nataka siku moja ya spidi kwa wiki. Nianze na ipi?

Mguu_Chuma: Intavali, mkuu. Mita 400, yaani mzunguko mmoja wa uwanja, mara sita, katikati unajikokota dakika mbili. Emil Zátopek, mkimbiaji wa Chekoslovakia, alijijenga kwa mizunguko hiyo hiyo, na kwenye Olimpiki ya Helsinki 1952 akabeba dhahabu za mita 5,000, mita 10,000 na marathoni.

Bi_Asubuhi: Zátopek alikuwa na miaka ya mbio miguuni, huyu ndugu yetu ni mgeni. Moyo na pumzi huzoea mapema, kano ya kisigino huchelewa sana. Tena mgeni akiingia uwanjani, mzunguko wa kwanza anaukimbia kwa nguvu zote, wa nne anaburura miguu. Mimi nasema fatileki, yaani kubadilisha kasi humo humo njiani, mtindo alioubuni Mswidi Gösta Holmér miaka ya 1930. Pasha mwili dakika kumi, kaza dakika moja, legeza mbili, rudia hadi mara nane. Siku mwili ukigoma, unapunguza bila kuharibu zoezi.

Kocha_Mstaafu: Fatileki sawa kwa wiki za mwanzo, ila msisahau mlima. Tafuta mwinuko wa wastani, panda kwa nguvu sekunde 30 hadi 45, shuka kwa kutembea. Unalazimika kuinua magoti, na kishindo cha mguu ni kidogo kuliko kwenye tambarare. Mwenye maumivu ya kisigino au kigimbi auache kwanza. Tempo ije baadaye: dakika 20 kwa kasi inayokuruhusu kutamka maneno matatu manne, si kupiga soga. Hiyo ndiyo inayokaribia hali ya siku yenyewe ya mashindano.

Pumzi_Fupi: Nikichanganya intavali na tempo wiki moja je?

Bi_Asubuhi: Usithubutu! Spidi mara moja, na uitenge na mbio yako ndefu kwa siku mbili hivi. Siku nyingine polepole kabisa. Ukiamka miguu bado mizito, ahirisha.

Mguu_Chuma: Kwenye kupumzika nakubaliana na dada. Ila ukishazoea fatileki, jaribu intavali za kilomita moja, zinaifaa mbio ndefu kuliko mita 400. Ya mwisho iende sawa na ya kwanza. Ukiona ya tatu imeshuka, funga kazi siku hiyo.